Kuchagua Mizani Ndogo ya Kidijitali: Somo kwa Mfugaji wa Samaki

Msafiri atokaye mjini Morogoro kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam hufika Kingolwira kabla milima ya Uluguru haijapotea nyuma yake. Reli ya Kati hupita hapo, na Mto Ngerengere, ambao chimbuko lake limo katika milima hiyo, hushuka kandokando ya eneo hilo ukielekea kukutana na Ruvu. Hapo pia pana kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, ambacho huzalisha vifaranga vya perege na kambale kwa ajili ya wafugaji. Mfugaji hununua vifaranga vyake, huvipakia katika mifuko yenye maji na hewa ya oksijeni, kisha huvipeleka bwawani kwake.

Tangu siku hiyo mfugaji huyo amekuwa mtu wa vipimo, apende asipende. Atapima chakula, atapima samaki, atapima chumvi na mchanganyiko wa vitamini. Wengi hupima kwa kopo na kwa kukisia. Wengine, wakitaka kufanya vizuri zaidi, huenda dukani kununua mizani ya kidijitali, na huko hukuta mizani ya kila namna: ya jikoni, ya mfukoni, ya sonara, zote ndogo na zote zikimetameta. Basi, mwenye fedha kidogo anunue ipi?

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha msomaji kujibu swali hilo kwa hesabu. Kwa kifupi, jibu letu ni hili: mizani huchaguliwa kwa kazi yake, yaani kwa kiasi kidogo kabisa kitakachopimwa na kwa kosa linaloweza kuvumiliwa. Wingi wa tarakimu zinazoonekana kiooni haumhakikishii mnunuzi jambo lolote.

1. Hasara ya kutopima

Tuchukue mfano wa bwawa lenye eneo la mita za mraba 300, lililopandwa samaki 3 kwa kila mita ya mraba. Bwawa hilo lina perege 900. Tuseme wamefikia wastani wa gramu 20 kila mmoja. Uzito wao wote ni kilo 18. Perege wa umri huo hulishwa kwa siku chakula cha kiasi cha asilimia 5 ya uzito wao, nayo ni gramu 900.

Mfugaji anayepima kwa kopo anaweza kuzidisha robo bila kutambua. Robo ya gramu 900 ni gramu 225. Kwa siku 30 hasara hiyo hufikia kilo 6.75 za chakula kilichonunuliwa na kutupwa majini. Lakini fedha ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza. Vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni ya maji, na amonia huongezeka. Alfajiri, wakati oksijeni ya bwawa iko chini kabisa, mfugaji huwakuta samaki wake juu ya maji wakitweta kwa midomo. Akichelewa kidogo, huwakuta wamekufa.

Kupunja nako kuna hasara yake. Samaki asiyeshiba hudumaa, na siku ya mavuno mfugaji huvua samaki wengi wasiouzika. Kwa hiyo mizani ni chombo cha kulinda mtaji, kama ulivyo uzio wa kuzuia kenge.

2. Namna mizani ya kidijitali ifanyavyo kazi

Mizani ya kale ya mkono hulinganisha vitu viwili: mzigo upande mmoja, mawe ya mizani upande wa pili. Mizani ya kidijitali hailinganishi. Chini ya sahani yake kuna kipande cha chuma, mara nyingi cha alumini, kilichotobolewa katikati ili kiweze kujipinda kidogo. Juu ya chuma hicho hubandikwa nyuzi bapa nyembamba sana zipitishazo umeme. Mzigo unapowekwa, chuma hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Nyuzi hizo hunyooshwa au kubanwa, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Badiliko hilo husomwa na saketi ndogo, ambayo huligeuza kuwa tarakimu.

Msomaji aangalie jambo moja hapa. Kinachopimwa hasa ni mpindo wa chuma, na mpindo huo huletwa na kani inayokandamiza sahani. Lolote linaloweza kuupinda chuma hicho, au kuubadili ukinzani wa nyuzi zile, litasomeka kana kwamba ni uzito. Upepo ni mojawapo. Joto la jua ni jingine. Meza iliyoinama, betri iliyochoka, unyevu, hata simu ya mkononi iliyowekwa ubavuni mwa mizani, vyote vinaweza kubadili tarakimu wakati mzigo haukubadilika.

3. Hatua ya mizani na usahihi wa mizani

Kila mizani huandikwa mambo mawili. La kwanza ni uwezo wake wa juu, yaani mzigo mkubwa kabisa unaoruhusiwa. La pili ni hatua yake, yaani badiliko dogo kabisa la tarakimu zake. Mizani ya jikoni yenye uwezo wa kilo 5 kwa kawaida huwa na hatua ya gramu 1. Mizani ya mfukoni ya gramu 200 huwa na hatua ya gramu 0.01. Zipo pia mizani ndogo zaidi zenye hatua ya gramu 0.001, yaani miligramu 1, lakini uwezo wake mara nyingi hauzidi gramu 20 au 50.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa hatua ndiyo usahihi. La hasha. Saa ya mkononi inaweza kuonyesha hata sekunde na bado ikawa imechelewa dakika kumi. Vivyo hivyo, mizani inaweza kuandika 50.00 wakati mzigo ni gramu 49.85. Tarakimu mbili baada ya nukta ni ahadi ya mwandishi wa kiwanda. Kuitimiza ahadi hiyo ni jambo jingine.

Kwa mizani za bei nafuu, ni busara kudhani kwamba kila kipimo kinaweza kukosea kwa hatua 2, juu au chini, hata mizani ikiwa nzima na imewekwa mahali pazuri. Tukishika dhana hiyo, tunaweza kukadiria kosa kwa kila kazi:

Chakula gramu 900, mizani ya hatua ya gramu 1: kosa ni gramu 2 katika 900, yaani kiasi cha asilimia 0.2. Kosa hilo halina madhara.

Vitamini gramu 10, mizani ileile: kosa ni gramu 2 katika 10, yaani asilimia 20. Kosa hilo ni kubwa mno.

Vitamini gramu 10, mizani ya hatua ya gramu 0.1: kosa ni gramu 0.2 katika 10, yaani asilimia 2. Linavumilika.

Kifaranga kimoja cha gramu 0.5, mizani ya hatua ya gramu 0.1: kosa ni asilimia 40. Kipimo hicho hakifai kitu.

Vifaranga 100 kwa pamoja, gramu 50, mizani hiyohiyo: kosa ni gramu 0.2 katika 50, yaani asilimia 0.4.

Mistari miwili ya mwisho ina funzo kubwa. Mizani ni ileile na samaki ni walewale. Kilichobadilika ni akili ya mpimaji. Badala ya kununua mizani ya ghali ili apime kifaranga kimoja, amepima mia kwa pamoja kisha akagawanya. Njia hiyo haimgharimu chochote, na humpa wastani ambao ndio hasa alioutaka.

4. Kanuni ya kuchagua

Kutokana na mifano hiyo tunapata kanuni nyepesi. Andika kiasi kidogo kabisa utakachopima. Kizidishe kwa kosa unaloweza kulivumilia. Gawanya kwa 2. Jibu ndilo hatua kubwa kabisa ambayo mizani yako inaweza kuwa nayo.

Kwa mfano, kiasi kidogo ni gramu 10 za vitamini, na kosa linalovumilika ni asilimia 5. Asilimia 5 ya gramu 10 ni gramu 0.5. Ukigawanya kwa 2 unapata gramu 0.25. Mizani ya hatua ya gramu 0.1 yatosha, na ile ya gramu 0.01 ni ziada.

Baada ya hatua, angalia uwezo. Mzigo hujumlisha na chombo kilichoubeba. Ndoo yenye maji ya kupimia samaki inaweza kuwa na kilo 3 kabla hata samaki mmoja hajaingia. Kitufe cha kurudisha sifuri, ambacho huandikwa herufi T, huifuta ndoo hiyo katika tarakimu tu. Chuma cha ndani bado kinaibeba. Mwenye mizani ya kilo 5 na ndoo ya kilo 3 amebakiwa na kilo 2 za kazi. Akizidisha, chuma hupinda kupita kiasi na hakirudi tena kama kilivyokuwa.

Kwa mfugaji wa kawaida mwenye bwawa moja au mawili, mizani ya jikoni ya kilo 5 yenye hatua ya gramu 1 hufanya karibu kazi zote: chakula cha kila siku, chumvi, na sampuli za samaki. Akiwa anachanganya chakula mwenyewe, aongeze mizani ya mfukoni ya gramu 200 au 500. Mizani ya miligramu haimhusu, isipokuwa awe mtotoleshaji wa vifaranga.

5. Alama ya «gn» na asili yake

Mnunuzi wa mizani ya mfukoni ataona kitufe cha kubadili vipimo, na akikibonyeza ataona alama ngeni: «ct», «oz», «gn». Alama hizo hutuonyesha kuwa mizani hizo hazikubuniwa kwa ajili ya samaki. «ct» ni karati ya masonara, nayo ni gramu 0.2. «gn» ni punje, kipimo cha zamani cha Kiingereza: punje 7,000 hufanya ratili moja, na punje moja ni miligramu 64.8.

Kipimo cha punje kimedumu hasa kwa walenga shabaha wa Marekani na nchi nyingine, ambao hujaza wenyewe baruti katika maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika. Wao ni wanunuzi wakubwa wa mizani hizi ndogo. Hapa Tanzania utengenezaji wa risasi si kazi ya nyumbani: husimamiwa na sheria, na mtu wa Morogoro hahitaji kuelezwa, kwa kuwa Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974, liko katika mji wake. Lakini desturi moja ya walenga shabaha hao inatufaa. Baruti ikizidi kidogo, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Kwa hiyo mpimaji makini haanzi kazi kabla ya kuweka jiwe la mizani analolijua uzito na kuona kuwa mizani inalisema sawasawa. Hufanya hivyo kila siku, hata kama jana mizani ilikuwa sahihi. Mfugaji wa samaki, naye aiige desturi hiyo.

Jambo la pili la kuangalia ni kitufe chenyewe. Kidole kikikigusa kwa bahati mbaya, gramu 10 huandikwa 154.3, kwa kuwa zimegeuzwa kuwa punje. Kabla ya kusoma tarakimu, soma kwanza alama iliyo pembeni yake. Iwe «g».

6. Majaribio matano ya kufanya dukani

Mnunuzi asione haya kuijaribu mizani mbele ya muuzaji. Majaribio yafuatayo hayahitaji mawe ya mizani, ila vijiko viwili au vitu vingine vigumu vya uzito tofauti.

Kwanza, jaribio la kurudi sifuri. Washa mizani, weka kijiko, kiondoe. Tarakimu zirudi sifuri kamili. Rudia mara tano.

Pili, jaribio la uthabiti. Pima kijiko kilekile mara kumi, ukikiondoa kila mara, na uandike majibu. Yakitofautiana kwa zaidi ya hatua 2 au 3, iache mizani hiyo.

Tatu, jaribio la pembe. Weka kijiko katikati ya sahani, kisha katika kila pembe. Uzito usibadilike kwa mahali.

Nne, jaribio la kujumlisha. Pima kijiko cha kwanza peke yake, kisha cha pili peke yake, kisha vyote viwili kwa pamoja. Jibu la tatu lazima lilingane na jumla ya yale mawili. Mizani isiyojua kujumlisha haiwezi kuaminiwa mzigo unapoongezeka.

Tano, jaribio la kuongeza polepole. Mizani nyingi zimewekewa utaratibu wa kujirudisha sifuri zenyewe pale badiliko linapokuwa dogo na la taratibu. Kwa sababu hiyo, mtu akinyunyiza unga kidogo kidogo juu ya sahani, mizani inaweza kuendelea kuandika sifuri, ikidhani kuwa ni badiliko la joto tu. Jaribu kwa chumvi laini. Ukiona mizani imelala, usiikatae kwa hilo. Bali ujue namna ya kuitumia. Weka chumvi katika kikombe, kisha kiinue kikombe na kukirudisha. Mizani itaamka na kusema kweli.

Mizani iliyofaulu majaribio hayo ina tabia njema. Bado hatujui kama inasema kweli, kwa sababu inaweza kukosea kwa uwiano uleule kila mara na bado ikafaulu. Hilo huhitaji jiwe la mizani.

7. Kani ya mvutano wa dunia hapa na kwingine

Tumeeleza kuwa mizani ya kidijitali hupima kani. Tungamo la kitu, yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake, halibadiliki kwa kuhamishwa. Lakini kani ambayo dunia hukivuta nayo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Dunia imetuna kidogo katika Ikweta na kubonyea kidogo katika ncha zake, tena huzunguka. Kwa sababu hizo mvutano ni hafifu zaidi karibu na Ikweta. Mjini London kasi ya mwanguko ni mita 9.81 kwa sekunde kila sekunde. Morogoro, iliyo karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta na mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ni mita 9.78.

Tofauti hiyo ni kiasi cha asilimia 0.3. Mizani iliyorekebishwa London na kuletwa Kingolwira bila kuguswa itaandika kwa jiwe la gramu 100 kiasi cha gramu 99.7. Kwa mizani ya jikoni kosa hilo halionekani. Kwa mizani ya hatua ya gramu 0.01 ni hatua 30 nzima! Hata mtu akiichukua mizani hiyo kutoka Kingolwira na kupanda nayo Uluguru mita 1,500 zaidi, jiwe la gramu 100 litapungua kiasi cha gramu 0.03 hadi 0.05 katika tarakimu zake. Mizani ya mkono haina tabu hiyo, maana mvutano ukipungua hupungua kwa pande zote mbili.

Dawa yake ni kuirekebisha mizani mahali itakapotumika. Mizani nyingi za mfukoni zina utaratibu wa kurekebishwa kwa jiwe la uzito maalumu, aghalabu gramu 50, 100 au 200. Kwa hiyo, unaponunua mizani ya hatua ndogo, nunua na jiwe lake. Mizani bila jiwe ni nusu ya chombo. Jiwe la daraja liitwalo M1 katika viwango vya kimataifa, likiwa la gramu 100, haliruhusiwi kukosea zaidi ya miligramu 5. Latosha kabisa kwa kazi zetu. Lishike kwa kitambaa kikavu, ulihifadhi katika kisanduku chake, na usilitumie kwa kazi nyingine.

Asiye na jiwe anaweza kugundua makosa makubwa kwa maji. Mililita 10 za maji safi zenye joto la sentigredi 25 zina gramu 9.97. Bomba la sindano la mililita 10 hununuliwa katika duka la dawa. Lakini bomba lenyewe linaweza kukosea kwa asilimia chache. Basi litumie kuonea makosa makubwa tu, na kamwe usiirekebishe mizani kwa maji wala kwa sarafu.

8. Kiasi kinapokuwa kidogo kuliko uwezo wa mizani

Wapo watu ambao kazi yao huwalazimu kupima miligramu. Watotoleshaji wa perege ni mfano. Perege dume hukua upesi kuliko jike, tena bwawa la madume pekee halijai watoto wasiotakiwa. Njia moja itumikayo duniani ni kuvilisha vifaranga, tangu vinapoanza kula, chakula chenye homoni kwa muda wa wiki 3 hadi 4. Kiasi cha kawaida ni miligramu 60 za homoni kwa kilo 1 ya chakula, ikiwa imeyeyushwa kwanza katika alkoholi. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, wenye kuvaa glavu na kinga ya pua. Mfugaji wa kawaida hununua vifaranga vilivyokwisha kutayarishwa. Tunaitaja hapa kwa ajili ya hesabu yake.

Miligramu 60 ni gramu 0.06. Kwa mizani ya hatua ya gramu 0.01, kosa la hatua 2 ni theluthi nzima ya kiasi hicho. Homoni ikipungua, majike yatabaki. Ikizidi, ni upotevu, na ni kumwaga dawa ovyo majini. Je, ni lazima kununua mizani ya ghali? Si lazima. Mtotoleshaji anaweza kupima gramu 0.60, ambazo zingetosha kilo 10 za chakula, akaziyeyusha katika mililita 100 za alkoholi, kisha kwa kila kilo ya chakula akatumia mililita 10 za mchanganyiko huo. Sasa kosa la mizani limekuwa gramu 0.02 katika 0.60, yaani kiasi cha asilimia 3. Mizani haikubadilika, kazi ya kugawanya imehamishiwa kwenye chombo cha kupimia mililita, ambacho ni rahisi kukipata.

Kwa vitu vikavu, kama vitamini, njia ni ileile kwa sura nyingine. Changanya kiasi kilichopimwa na pumba za uzito sawa nacho, uchanganye sana. Ongeza pumba zilizo sawa na mchanganyiko wote, uchanganye tena. Endelea hivyo hadi chakula chote kiishe. Atakayemwaga gramu 10 za vitamini juu ya kilo 2 za pumba na kukoroga mara moja atakuwa amepima vema na kugawa vibaya.

9. Matumizi na matunzo

Weka mizani juu ya meza imara, mahali pasipo jua wala upepo. Bwawani pana upepo daima. Ndoo iliyo wazi pande zote haisomeki vizuri, kwa hiyo jenga kizuizi kwa mbao au boksi. Iwashe dakika 10 kabla ya kazi, hasa ikiwa imetolewa ndani penye ubaridi. Badili betri kabla hazijaisha kabisa. Ifunike kwa mfuko wa plastiki mwembamba kuizuia isilowe, kisha bonyeza kitufe cha sifuri.

Samaki wapimwe majini. Weka ndoo yenye maji, rudisha sifuri, kisha mimina samaki waliochujwa maji kwa wavu. Maji yanayoning'inia katika wavu yana uzito, nayo huhesabiwa kuwa samaki. Kwa bei ya vifaranga kosa hilo ni dhuluma kwa upande mmoja: ikiwa vifaranga 100 vina gramu 150 kwa haki, na maji yakaongeza gramu 15, basi mnunuzi anayehesabiwa vifaranga 1,000 kwa mizani atakuta vipungufu karibu 100 afikapo nyumbani.

Hapa sheria nayo ina neno. Mizani ya kupimia chakula cha samaki wako ni mambo yako. Lakini mizani inayotumika kuuza na kununua iko chini ya Sheria ya Vipimo, nayo lazima ikaguliwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Mizani ya mfukoni haitakiwi kugeuzwa mizani ya sokoni kwa sababu tu ina tarakimu nyingi.

10. Hitimisho

Mizani ya bei nafuu si mizani mbaya, na mizani ya ghali haimwokoi mtu asiyejua kupima. Mwenye mizani ya gramu 1 anayepima samaki hamsini kwa pamoja, anayekagua mizani yake kwa jiwe kabla ya kazi na kuandika majibu katika daftari, huwajua samaki wake kuliko mwenye mizani ya miligramu anayeamini kila tarakimu aionayo.

Maswali ya kujipima

1. Bwawa lina samaki 800 wenye wastani wa gramu 25, nao hulishwa asilimia 4 ya uzito wao kwa siku. Chakula ni gramu ngapi, na mizani ya hatua ya gramu 1 itakosea asilimia ngapi?

2. Kijiko cha kwanza kina gramu 23.41, cha pili gramu 31.18, na vyote kwa pamoja mizani inaandika 54.30. Je, utainunua?

3. Unahitaji gramu 0.12 za homoni, na mizani yako ina hatua ya gramu 0.01. Utafanyaje?

Majibu: (1) Gramu 800; kosa ni gramu 2, yaani asilimia 0.25. (2) Usiinunue: jumla ya kweli ni 54.59, na tofauti ni hatua 29. (3) Pima gramu 0.60, yeyusha katika mililita 100, tumia mililita 20.